Elimu Yenye Tarehe: Fani ya Barua katika Kitabu cha Gilbert White

Kitabu cha Gilbert White kuhusu maumbile ya kijiji chake cha Selborne kilitolewa London mwaka 1789 na mdogo wake Benjamin, aliyekuwa mchapishaji, na tangu hapo kimesomwa zaidi kwa sababu ya viumbe waliomo kuliko kwa sababu ya namna kilivyoundwa. Wapenzi wake humkumbuka kobe Timothy, bundi wa kijijini, na panya mdogo wa mashamba ya ngano ambaye kabla ya White hakuna Mwingereza aliyekuwa amemweleza kitaalamu. Ni haki yao kuwakumbuka. Lakini mwenye kujishughulisha na falsafa ya elimu atapata mengi zaidi akikisoma kitabu hiki kwa jicho la fani, kwa kuwa nadharia yake ya kujifunza haijatamkwa popote kama nadharia: imefumwa ndani ya barua zenyewe, katika tarehe zake, katika wale zinaowaelekea, na katika mahali zinapokatikia.

Sehemu ya maumbile ina barua 110. Barua 44 zinamwelekea Thomas Pennant, mwanazuolojia wa Wales aliyekuwa akikusanya habari za wanyama wa Uingereza nzima, na 66 zinamwelekea Daines Barrington, mwanasheria na mwanachama wa Royal Society. Msomaji makini ajue mapema kwamba barua 9 za mwanzo hazikupata kutumwa. White aliziandika baadaye, kwa ajili ya kitabu, ili kumtembeza msomaji kijijini kabla ya mazungumzo kuanza. Nyingine alizikata, akazihariri, akaziunganisha. Habari hii haipunguzi thamani ya kazi, bali inaipandisha. Kama barua zingalikuwa zimetupwa tu ndani ya jalada, kusitasita kwake kungalikuwa ni ajali ya posta. Kwa kuwa alikaa na maandiko haya karibu miaka 20 akiyapanga, kila shaka iliyobaki ndani yake imebakizwa na mwandishi aliyekuwa na nafasi ya kutosha ya kuifuta.

Tuanze na uteuzi wa wapokeaji, kwa kuwa hapo ndipo muundo unapoanza kufanya kazi. Suala lililowagawa wanazuolojia wa karne ya 18 lilikuwa mbayuwayu: je, majira ya baridi yakiingia ndege hao husafiri kwenda nchi za joto, au hujificha mashimoni na kulala usingizi mzito hadi majira ya kuchipua? Pennant aliegemea safari. Barrington aliipinga waziwazi, na mwaka 1772 alichapisha makala ya kuikana. White basi ana masikio mawili yanayosikia kinyume, na ukifuatilia anachompelekea kila mmoja utaona mpangilio wa kuvutia. Pennant, anayeamini safari, huletewa habari za ndege waliochelewa kuonekana hadi Novemba, na za makundi yanayolala kwenye mierebi ya visiwa vya mto Thames, habari zinazoifanya hoja ya kujificha isionekane ya kipuuzi. Barrington, asiyeamini safari, huletewa ushuhuda wa John, ndugu mwingine wa White aliyekuwa Gibraltar, ambaye kwa macho yake aliona makundi ya ndege yakivuka mlango ule wa bahari masika na vuli, kati ya Ulaya na pwani ya Afrika. Mwandishi anayetaka kupendwa na rafiki zake angeugeuza mzigo huu. White humpa kila mtu kile kinachomsumbua, kwa adabu kamili, akitanguliza kwamba anaufahamu msimamo wake.

Hili ni jambo la fani kabla halijawa la tabia njema. Insha ya kawaida humwelekea msomaji asiye na uso, na kwa hiyo hoja yake huteremka mkondo mmoja hadi bahari ya hitimisho. Barua humwelekea mtu mwenye rai, mwenye hadhi, na mwenye haki ya kujibu; kila sentensi yake huandikwa ikijua kwamba itapingwa kwa posta ijayo. Majibu ya Pennant na Barrington hayamo kitabuni, na ukimya huo ni kunga nyingine: tunalazimika kuyakisia kutokana na namna White anavyobadili mwelekeo, na kwa kukisia tunaingia katika nafasi ya yule aliyeandikiwa. Msomaji wa Selborne hapati kukaa kama mwanafunzi anayepokea somo lililokwisha kupikwa. Anaketishwa kwenye kiti cha Pennant, kisha cha Barrington, na katika viti vyote viwili anatarajiwa kuwa na la kusema.

Sasa tushuke kutoka muundo hadi aya, tutazame barua ya nyenje wa mashambani. White anaeleza kwamba alipotaka kuwachunguza viumbe hao wanaoishi mashimoni kwenye mteremko mkavu karibu na kijiji, kwanza yeye na wenzake walitumia sepetu. Mbinu hiyo ilifeli kwa njia mbili: ama shimo lilijipinda chini ya jiwe na nyenje asionekane, ama chuma kilimponda. Kisha anasema walijaribu njia ya upole, yaani unyasi laini ulioingizwa shimoni polepole, ukafuata kila kona ya njia yake hadi mwisho, na nyenje akatoka mwenyewe bila kudhurika. Ingetosha kama maelezo ya kazi ya shambani. Angalia hata hivyo mpangilio wake: kushindwa kumetangulia, kumeelezwa kwa urefu unaolingana na kufaulu, na sababu zake zimetengwa moja moja. Mwandishi wa mwongozo angalianza na unyasi na kuifuta sepetu, na msomaji wake angalijua la kufanya bila kujua kwa nini. White anamwacha msomaji apite njia ileile ya kukosea na kurekebisha, kwa hiyo unyasi unapofika unafika kama jibu la swali ambalo msomaji tayari analo. Tena sifa ya unyasi ni kwamba umbo lake linatii umbo la shimo. Sepetu ina njia yake yenyewe, nayo humlazimisha nyenje aifuate. Sidhani kama karne ile ilitoa maelezo mafupi zaidi ya tofauti kati ya mafunzo yanayomfuata anayechunguzwa na mafunzo yanayomvunja, na uzuri wake ni kwamba White hakusema hata mara moja kwamba anazungumzia mafunzo.

Nidhamu hii ya sentensi ina chanzo kinachoonekana. Kuanzia mwaka 1768 hadi alipofariki mwaka 1793, White alijaza daftari lililobuniwa na Barrington na kuchapwa na Benjamin: kurasa zenye safuwima za tarehe, kipimajoto, kipimahewa, upepo, hali ya hewa, miti inayotoa majani, maua yanayochanua, ndege na wadudu wanaotokea au kutoweka, na sehemu ya maelezo mengineyo. Daftari la aina hii ni mwalimu mkali. Safuwima tupu hukuuliza kila siku kama hakukuwa na kitu au hukutazama, na baada ya miaka michache jicho linajifunza kuona hata kutokuwepo. Barua zimejengwa juu ya mazoea hayo. Mwaka 1768 alipomweleza Pennant kwamba ndege wadogo wa kijani waliochukuliwa kuwa aina moja ni aina tatu, wakitofautishwa kwanza kwa sauti zao, uhakika wake ulitokana na kurudia kusikiliza mahali palepale. Kitabu kizima ni matunda ya kurudia, na mtaala wowote unaokimbia kutoka mada hadi mada unahukumiwa nacho bila kutajwa.

Ili tuone upekee wa fani hii, tumweke White karibu na mwandishi wa zama zake ambaye jina lake halikosekani katika kozi yoyote ya falsafa ya elimu. Jean-Jacques Rousseau alitoa Émile mwaka 1762, miaka 5 kabla ya White kumwandikia Pennant kwa mara ya kwanza. Na kati ya mwaka 1771 na 1774 alimwandikia Madame Delessert barua 8 kuhusu mimea, ili amfundishe binti yake mdogo. Barua hizo ni kazi ya kupendeza. Zinaanza na yungiyungi, zinashuka taratibu kupitia familia za maua, na hazitaki mtoto akaririshwe jina kabla hajaona kinachoitwa kwa jina hilo. Zinapofikia ua la deizi, ambalo kila mtu hulichukulia kuwa ua moja, zinamfunulia msomaji kwamba ni mkusanyiko wa maua mengi madogo yaliyobanana. Mshangao huo umepangwa kwa ustadi mkubwa: barua tano za kabla yake zimemzoeza msomaji kutafuta sehemu za ua, na sasa kila kipande cha kile alichodhani ni sehemu kinageuka kuwa ua kamili.

Na hapo ndipo tofauti ilipo. Mshangao wa deizi ni wa mwanafunzi peke yake; mwalimu aliujua tangu barua ya kwanza, akauficha, akaungojea wakati wake. Ndivyo ilivyo pia katika Émile, kwenye tukio mashuhuri la msitu wa Montmorency. Mlezi anamtoa kijana matembezini asubuhi, wanapotea, njaa na uchovu vinamliza kijana, na hatimaye kwa kukumbuka uhusiano wa kivuli cha adhuhuri na kaskazini anaipata njia ya kurudi. Somo linafaulu: kijana sasa anajua elimu ya jua ina faida gani. Lakini mlezi hakupotea. Alijua mji uko nyuma ya vichaka tu. Kupotea kwake ni uigizaji, na mwanafunzi anaelekezwa kwenye ugunduzi ambao mtu mzima ameushika mfukoni. Nafsi inayosimulia tukio hilo iko juu ya kijana daima, na sarufi yake inaonyesha hivyo: maswali inayouliza ni maswali yenye majibu.

Linganisha na Aprili 1781 huko Selborne. Vuli iliyotangulia mbayuwayu wa aina ijengayo viota chini ya mapaa walikuwa wameonekana wakichelewa kwenye mteremko wenye misitu ulio juu ya kijiji, na White alishuku kwamba wamejificha humo. Akachukua wasaidizi, wakaanza kupekua vichaka na mapango ya mteremko. Kazi ilikuwa haijaendelea sana pale mbayuwayu wa kwanza wa mwaka alipotokea kijijini mbele ya watu kadhaa, akaingia moja kwa moja kwenye kiota cha zamani, akakaa kidogo, akaruka juu ya nyumba akaenda zake. Siku kadhaa zikapita bila mwingine kuonekana. White anaandika yote haya bila kupamba na bila kuamua. Ndege yule angeweza kuwa ametoka shimoni jirani; angeweza kuwa amefika kutoka mbali. Aya inakwisha na ushahidi wake mikononi, unaelekea pande zote mbili. Hapa mtu mzima amepotea kweli, na wasaidizi wake wamepotea pamoja naye, wakitafuta kitu ambacho sisi tunajua hakikuwepo.

Kwa maoni yangu tukio la pili lina thamani kubwa zaidi kwa mwalimu kuliko la kwanza, ingawa la kwanza ndilo linalofundishwa vyuoni. Mlezi wa Émile anamfundisha kijana kutatua. Hawezi kumfundisha namna ya kuishi na swali ambalo mwalimu mwenyewe halijui jibu lake, kwa kuwa katika hadithi ile swali la namna hiyo halipo. White analionyesha katika hali yake halisi, kwa muda wa zaidi ya miaka 20, likiwa na tarehe zake. Matumaini yake yanapanda Novemba moja na kushuka Aprili nyingine. Tunaona pia kitu kisichompendeza mtetezi wake: kwamba hakuwa mwamuzi asiye na upande. Alitamani ndege wake wabaki. Upendo wa parishi yake, ulioyafanya macho yake yawe makali kuliko ya mtu yeyote wa zama zile, ulimfanya pia asite kuukubali kikamilifu ushuhuda wa ndugu yake mwenyewe kutoka Gibraltar. Kitabu kilichofuta tarehe kingetuficha hili. Kitabu chenye tarehe kinatuwezesha kuuona upendo ukifanya kazi yake nzuri na mbaya katika sentensi moja.

Barua ya tarehe 20 Mei 1777, kwa Barrington, inaonyesha mbinu iliyo kinyume kidogo, nayo inastahili kuwekwa kando ya ile ya mbayuwayu. Mada ni nyungunyungu. White anaanza na dai: ardhi inayofurikwa na maji mara kwa mara huwa maskini, na huenda sababu ni kwamba nyungunyungu hufa maji. Neno la kusita limo tangu sentensi ya kwanza. Kisha anapanda hatua kwa hatua, kutoka udogo wa kiumbe huyu anayedharauliwa hadi kazi zake: kutoboa udongo, kuulegeza, kuburuta majani na mabua hadi chini, kutoa juu vinundu vya udongo mororo. Anawakumbuka watunza bustani na wakulima wanaowachukia, anawajibu, halafu, pale ambapo msomaji anatarajia hitimisho, anaiachia kazi hiyo wengine: anasema amerusha vidokezo hivi ili wenye udadisi waanze kazi, kwani somo hili peke yake lingetosha kuwa kitabu. Muundo wa aya hizi umekusudiwa kubaki wazi upande wa mbele. Mwaka 1881, miaka 104 baadaye, Charles Darwin, aliyemsoma White tangu utotoni, alitoa kitabu kizima kuhusu nyungunyungu na udongo. Sidai kwamba barua moja ilizaa kitabu kile. Nadai kwamba iliandikwa kwa namna inayokiacha kiti kitupu kwa ajili ya mwandishi wake.

Ni halali basi kuuliza viti vingine viliachwa kwa ajili ya nani, kwa kuwa fani inayojengwa juu ya wapokeaji hupimwa pia kwa wale isiowafikia. Swali la mbayuwayu lilikuwa na mashahidi. Ndege walewale walikuwa wakionekana kusini mwa Sahara kila mwaka kuanzia kama Septemba hadi Aprili, wakiwinda wadudu juu ya malisho na mashamba, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 1911 mbayuwayu alivishwa pete huko Staffordshire, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini; kwa aina hiyo ya ndege, mjadala wa safari ukawa umepata ushahidi usiopingika. Mtandao wa barua za White ulifika Gibraltar ukaishia hapo, ukingoni kabisa mwa bara lenye jibu. Wanaotetea leo elimu ya mahali, ile inayomtaka mtoto aijue mito na miti ya kwao kabla ya mito ya ramani, humtaja White kama mhenga wao, nami naungana nao. Lakini kitabu chao kinabeba ndani yake onyo kwamba kijiji, hata kikitazamwa kwa miaka 25, hakiwezi kujibu swali ambalo nusu yake inaishi kwingine.

Asiyeandikiwa mwingine yuko Selborne kwenyewe. Katika barua ya Desemba 1775 White anamkumbuka mvulana wa kijijini, aliyeishi zaidi ya miaka 20 kabla, mwenye ulemavu wa akili na mwenye shauku moja tu: nyuki. Aliwakamata kwa mikono mitupu, akawaondoa miiba, akanyonya asali matumboni mwao. Aliwajaza ndani ya shati lake. Alinyemelea mizinga ya watu, na akikimbia alivumisha midomo yake kwa sauti ya nyuki. Ni picha ya kipekee, kwa kuwa ndiyo inayokaribia zaidi, katika kitabu hiki cha kujifunza, kuwa taswira ya mtoto anayejifunza. White anastaajabia uwezo ambao umakini kama ule ungeufikia kama ungeelekezwa, na anamlinganisha na mtu maarufu aliyekuwa akionyesha michezo ya nyuki London. Hata hivyo tazama msamiati. Mvulana akielezwa wakati wa baridi, anasinzia kando ya moto katika hali ileile ya kulala usingizi mzito ambayo White huitumia kwa kobe na kwa mbayuwayu wake wa kufikirika. Amewekwa upande wa wachunguzwao. Sauti inayomsimulia ni ya upendo, na bado haimpi nafasi ya kuwa mjuzi wa chochote.

Februari 1778, barua 11 mbele katika mfululizo uleule, White anataka kujua kama nyuki husikia. Anachukua tarumbeta ya kusemea, anaisogeza karibu na mizinga, anapaza sauti kwa nguvu, na nyuki wanaendelea na shughuli zao bila kujali. Jaribio limeelezwa kwa uwazi wake wa kawaida, na matokeo yake yameachwa na kiasi chake cha kawaida cha shaka. Barua hii haimtaji mvulana, ambaye alihamishiwa kijiji cha mbali akafa kabla ya utu uzima. White hakuziunganisha barua hizo mbili. Fani aliyoichagua, yenye kuacha nafasi kati ya barua na barua, inamwachia msomaji kuziunganisha, na kuona kwamba aliyewahi kutumia maisha yake yote akiwanong'oneza nyuki wa Selborne kwa lugha yao hakuulizwa alichokuwa akikijua.